Mafuta ya Mbarika na Ndege ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa na mdomo, Mungu anisamehe. Mzungu ambaye yeye alikuwa dereva wake pale Diani alirudi kwao baada ya bendera kubadilishwa, akamwachia ndege ya kuchezea yenye injini ya kutosha kwenye kiganja. Basi bwana akaitangazia Kinondo nzima kwamba Siku ya Mwaka, watu wakishuka pwani kuoga, atairusha. Wakaanza kumwita rubani kwa kumcheka. Iliniuma, kwa sababu tangu tumzike mtoto wetu wa kwanza, kitu hicho ndicho pekee kilichomkunjua uso.

Injini ile hunywa mchanganyiko: etha, ile dawa kali inayowaka upesi, alikuwa nayo, chupa aliyoachiwa, na mafuta ya taa si shida. Kilichokosekana ni mafuta ya kulainisha. Akajaribu ya nazi. Kwa baridi ya asubuhi yakaganda. Ya ufuta yakageuka gundi. Akatia ya lori, injini ikapata moto ikakwama, akashinda kutwa akiisafisha kwa petroli.

"Kwani Mzungu wako alikuwa akitia nini?" nikamwuliza.

Akainama. "Mbarika."

Dukani Ukunda mafuta hayo ya mbono hayakuwapo, na mbegu za mbarika za uani zilikuwa bado mbichi. Chupa ilikuwa moja tu: ile aliyoipika mavyaa wangu, mama yake huyu bwana, kwa karafuu na mrehani, ya kumkanda mtoto wetu yule akizaliwa. Ilikaa juu ya kabati, imefungwa kitambaa, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Kumbe mwanamume alijua tangu mwanzo, akaharibu mafuta ya kila aina asinitamkie. Nilimkasirikia, kisha nikampenda upya.

Nikamwendea mavyaa mwenyewe.

"Mama, naiomba ile chupa."

"Ya nini?"

"Ya ndege."

Nilidhani atanifukuza. Aliishusha, akaipangusa vumbi kwa ncha ya leso. "Mafuta yakikaa sana huchacha," akasema, akanipa.

Siku ya Mwaka ikafika. Watu walipotoka majini, injini ikalia mara moja. Ndege ikapaa, nyuzi zake mbili ameshika yeye, ikimzunguka naye akizunguka, kofia imeanguka huko. Waliomcheka wakawa wanapiga makofi. Moshi ukatufikia sisi wanawake, na bibi mmoja wa jirani akanusa karafuu na mrehani, akageuka huku na huku.

"Kuna mzazi hapa? Nani amejifungua?"

Wenzake wakatazama chini, maana habari zetu walizijua. Mavyaa akanyoosha kidole kwa lile jitu zima linalozunguka mchangani.

"Mimi. Mwanangu si yule pale?"

Tulicheka sote. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Njiani kurudi mavyaa alinishika mkono, chupa tupu imo ndani ya kikapu chake.

"Mbarika zikikauka tutachuma nyingine," akasema.

"Tutachuma, mama," nikamjibu.