Doreen Halkett na Kurasa Nzito za Moteli

Kabla ya kushika kompyuta, Doreen Halkett aliendesha basi la shule kwa miaka ishirini na sita, kwenye barabara ya kokoto, katika baridi ya kugandisha dizeli. Mgongo ulipomkataa alihamia ofisini kwetu, ofisi ya jamii ya Wakrii, wenyeji wa asili wa Kanada, kaskazini mwa jimbo la Saskatchewan, akapewa simu na kompyuta kuukuu. Majira mawili ya baridi akajifundisha kuandika programu. Tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wengine, maana meza zetu zilipakana.

Mwezi wa sita mwaka ule, moto wa msitu ulikata barabara. Wazee na wagonjwa ilibidi watolewe kwa ndege ndogo. Kumi na mmoja kati yao walikuwa wa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa hiyo hawakuweza kulazwa popote tu. Walihitaji vyumba karibu na hospitali kubwa za kusini. Lakini waliokimbia moto walikuwa maelfu, na simu za moteli hazishikiki.

Hapo Doreen akatoa programu yake. Ilikuwa inafungua kivinjari yenyewe, inapita kurasa za moteli sitini na tatu, moja baada ya nyingine, ikitafuta chumba kilicho wazi. Kazi nzuri, ila mtandao wetu ni wa setilaiti na siku zile ulikuwa unakohoa kama sisi. Mzunguko mmoja ulichukua saa moja na nusu. Ukimaliza, vyumba vilivyoonekana mwanzoni vimeshachukuliwa.

Garnet, mtoto wa kaka yake, ndiye aliyesimamia dharura. Alikuja akaegemea meza.

"Shangazi, hiyo mashine yako inasoma au inasali?"

"Inabeba mizigo ya watu," Doreen akajibu bila kugeuka. "Hebu njoo uone."

Alikuwa amefungua orodha ya vitu vyote ambavyo ukurasa mmoja huvuta kabla haujatulia. Picha za chapati za asubuhi. Video ya bwawa la kuogelea. Matangazo ya magari. Aina nne za herufi za mapambo. Vijiprogramu vya kumfuatilia mgeni anabofya wapi. Na chini kabisa, katikati ya takataka hizo, neno moja tulilolitaka: ipo, au haipo.

"Kokum Philomene na figo zake anataka kuona bwawa la nini?" akauliza. Kokum ni bibi kwa Kikrii, na Philomene alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja.

Akaiamuru programu ikague kila kinachoombwa: kivinjari kikiomba picha, kinyimwe, kikiomba video, herufi za mapambo au tangazo, kinyimwe. Ombi linakatwa palepale, haliendi hata kwenye setilaiti. Kwa hamasa akazuia na vijiprogramu vyote vya kurasa. Akaiwasha. Dakika nne tu, mzunguko umekwisha!

Tukashangilia. Kisha Garnet akasoma majibu, uso ukamshuka. "Kumejaa. Kote. Sitini na tatu, kumejaa." Akachukua redio awaambie marubani wawapeleke wagonjwa kwenye ukumbi wa michezo, katika mji usio na hospitali ya figo.

"Weka redio chini," Doreen akasema.

"Shangazi, ndege zinangoja."

"Nimesema weka chini. Sitini na tatu kwa mpigo mmoja? Siamini."

Akapiga simu moteli moja ya mji wa Prince Albert, akakata, akapiga, akakata. Mara ya tisa akapokelewa. Mama wa mapokezi akamwambia ana vyumba vinne.

Doreen hakumsingizia mtu wala mtandao. Alisimama, mkono mgongoni, akatutangazia wote: "Kosa ni langu. Kile kijiprogramu kinacholeta hesabu ya vyumba nimekifungia nje pamoja na wahuni. Ukurasa ulikuja mtupu, na mimi niliiambia mashine kwamba utupu maana yake kumejaa."

Akarudi kitini. Akaruhusu vijiprogramu vya moteli zenyewe, akawaacha nje wa matangazo na wafuatiliaji. Kisha akabadilisha jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: ukurasa ukija mtupu, programu isiseme "kumejaa," iseme "sijui." Na penye "sijui," mtu apige simu.

Mzunguko ukawa dakika saba. Chumba kikifunguka, tunakiona kabla hakijapoa. Kabla ya chakula cha mchana wagonjwa tisa walikuwa na vyumba. Wawili wa mwisho, Kokum Philomene mmojawapo, wakapata alasiri, umbali wa kutembea hadi hospitalini. Garnet alimbusu shangazi yake utosini mbele ya ofisi nzima.

"Toka huko, unanuka moshi," Doreen akamwambia, lakini alikuwa anafuta miwani.

Walirudi wote mwezi wa nane, kumi na mmoja walewale. Baadaye ofisi moja ya dharura ya mji wa Regina ikataka kumwajiri. Aliwatumia programu yote bure, pamoja na barua fupi ya kueleza kosa lake, wasije wakalirudia. Kazi aliikataa. Msimu wa kuwinda ulikuwa unaanza, akasema, na Garnet hajui kulenga.