Ulimi wa Khatibu

Watu wa Yeoville, hapa Johannesburg, wanapenda kumsimulia Khatibu bila kumjua. Utasikia kwenye saluni, "Yule Mzanzibari aliyelishwa nguruwe na Wazungu." Upuuzi mtupu! Hakulishwa na mtu. Aliushika uma kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nilikuwepo, nimesimama hatua nne tu kutoka kwake, nimebeba kikapu cha mkate. Mkitaka habari za Khatibu niulizeni mimi. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa ulimi wake.

Naitwa Gustave, mtu wa Bukavu. Hiki Kiswahili mnachokisikia si cha kwetu, alikinyoosha yeye kwa kunicheka kila siku jikoni. Ninyi mnaokiona kizuri, mshukuruni yeye.

Khatibu Ameir alizaliwa Unguja, akaja Joburg akiwa kijana wa kuosha vyombo kwenye mkahawa wa Kitaliano upande wa kaskazini, kule kwenye miti mingi na kuta ndefu. Mwenye mkahawa tulimwita Signora. Mama yake alikuwa bado hai, bibi mfupi mkali, kila mtu akimwita Nonna. Siku moja Nonna alimkuta Khatibu amekaa juu ya kreti nyuma ya jiko, anakula chapati zake za nyumbani. Akamuuliza nani kazisukuma. "Mimi," Khatibu akasema. Nonna akaikamata mikono yake, akaigeuza juu chini kama anachagua samaki sokoni, kisha akamwambia kuanzia kesho haoshi tena sahani.

Ndivyo alivyofundishwa pici. Ni tambi nene, za unga na maji tu, hazitiwi yai, na unazisokota moja moja kwa kiganja mpaka ziwe ndefu kama kamba ya kiatu. Nonna alitoka Castelvento, mji wa mawe juu ya kilima, na kila wakisokota alimsimulia Khatibu mji huo: lango la kusini lenye ufa, kisima kilichofungwa kwa mnyororo, ngazi mia mbili na kumi na nne mpaka kanisani, tanuri la mkate la mtaa mzima. Alimwambia kwamba watu wa mji wa ng'ambo ya bonde wanatia mayai kwenye pici, halafu akatema mate sakafuni. Khatibu alicheka mpaka machozi. "Kumbe ni kama sisi na Wapemba!" akasema. Tangu hapo mji ule ukawa wake. Ungemfunga kitambaa machoni ukamshusha pale langoni, angekufikisha kisimani.

Sasa tatizo. Mchuzi wa pici za Castelvento hupikwa kwa shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na unamalizwa kwa divai. Khatibu ni Mwislamu, tena si wa jina. Alikuwa anavaa glavu mbili mbili, ana kisu chake cha nyama hiyo peke yake, na chakula chake anakuja nacho kutoka nyumbani kwenye hotipoti. "Kukipika nimelazimishwa na watoto," alikuwa akiniambia. "Kukila hakuna aliyenilazimisha." Na shavu la nguruwe lina ushenzi wake: hili lina chumvi kidogo, lile linakuunguza mdomo, na kwa macho yote ni sawa. Bila kuonja hujui. Ndipo mimi nilipoingia.

"Gustave, nipe ulimi."

Naacha sahani, naonja kijikoni. "Iko sawa, Mzee."

"Iko, iko! Kila kitu iko! Sema imekolea, bwana, chumvi inakolea."

Kila siku hivyo hivyo. Nikisema imepungua, anaongeza. Nikisema imezidi, anajua la kufanya. Hakuwahi hata siku moja kuniuliza mara mbili. Watu walitoka Pretoria kuja kula mchuzi ule, wakamwita Khatibu mezani wakampigia makofi, naye ananitazama pale mlangoni anacheka. Mimi nilirudi kwenye sinki. Sawa, si nilikuwa ulimi tu? Nani anaupigia ulimi makofi?

Nonna alipokufa, Signora akaanzisha biashara ya safari. Kila Septemba anawapeleka wateja wake kumi na wawili Italia, miji saba ya vilimani, kila mji na chakula chake: huku jibini la kondoo, kule nguruwe mzima wa kuokwa na majani ya shamari, kwingine supu ya ngano, na mwisho Castelvento kwenye sikukuu ya pici, ambapo mabibi wa mji wanasokota uwanjani mbele ya watu. Jumapili moja kabla ya kuondoka, wasafiri wanakula mchana pale mkahawani, waonjeshwe watakachokwenda kukikuta.

Mwaka jana Signora alitangaza kwamba Khatibu atakwenda nao. Atakaa uwanjani na mabibi, asokote. Alikwishampiga picha na kuiweka kwenye kijitabu cha safari, Khatibu na kanzu nyeupe na kofia, na kanzu hiyo hakuwahi kuivaa jikoni hata siku moja. Mimi niliona wanamfanya kinyago. Yeye hakuona, au aliona akameza. Alichotaka ni kimoja: kupanda zile ngazi mia mbili na kumi na nne, na kukaa pale alipokaa Nonna akiwa msichana, watu wa kule waione mikono yake waseme huyu anajua. Alisema akishafika huko hata akifa haidhuru.

Viza ilipotoka, aliileta pasipoti jikoni ndani ya mfuko wa nailoni. Nikanyoosha mkono.

"We! Kanawe kwanza," akasema. "Una mafuta."

Nikaenda nikanawa. Mimi mtu mzima, nilinawa mikono nikakausha, nikaja kushika kitabu cha mwenzangu. Mnajua mimi nina nini? Nina karatasi ya hifadhi ya mkimbizi, ya kuhuishwa kila miezi sita, huu mwaka wa kumi na tisa. Mama yangu alikufa Bukavu nikamlilia kwa simu, nimejifungia chooni mwa mkahawa huo huo, kwa sababu nikitoka nchini sirudi. Khatibu anayajua yote hayo. Yeye ndiye aliyenishikia zamu yangu siku ile.

"Na huko nani atakuonjea?" nikamuuliza.

"Aa, kule mabibi wamejaa. Ulimi wako upumzike." Akanipiga bega. "Nitakuletea picha, bwana, usinune."

Utani tu. Wazanzibari ndivyo walivyo, wanakutania hata msibani. Lakini wivu uliniwaka, nasema kweli, uliniwaka kifuani mpaka nikaona giza. Miaka kumi na minne, halafu ulimi wangu upumzike!

Jumapili ya wasafiri ikafika. Ilikuwa mwisho wa Agosti, na ule upepo mkavu wa Joburg unaopasua midomo. Wasafiri kumi na wawili walikaa kwenye meza ndefu, wazee wa pesa na wake zao, na Signora anazunguka na glasi mkononi. Hakuingia jikoni hata mara moja. Khatibu alikuwa amesokota tangu alfajiri, na leo amevaa ile kanzu, kwa amri ya Signora, na aproni juu yake.

Shavu la siku ile lilikuwa kali. Nililijua tangu nilipoliosha. Mchuzi ulipokuwa umeshapungua, akaita.

"Gustave, nipe ulimi."

Nikaonja. Ulikuwa umezidi tayari, umefika pale ambapo ukitia maji na nyanya unauokoa. Nikamtazama. Alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi, anatabasamu, roho yake iko Castelvento.

"Imepungua," nikasema. "Tia vijiko viwili."

Akatia viwili. Hakuuliza. Halafu akaumiminia pici, na juu yake akakuna jibini, ambalo nalo ni chumvi tupu. Nilizipanga sahani mimi mwenyewe, nikazibeba mimi mwenyewe. Msiniambie shetani alinipitia. Hakuna shetani aliyepita, nilikuwa mimi tu.

Mezani, mtu wa kwanza alikohoa. Bibi mmoja akatema kwenye kitambaa. Mzee wa pembeni akanywa maji glasi nzima, akasema kwa sauti kwamba kama ndicho chakula cha Castelvento basi yeye atabaki hotelini. Wakacheka. Signora akaonja, akawa mwekundu, akamwita Khatibu.

Akatoka na kanzu yake, anafuta mikono, akidhani ni makofi. Mmoja wao alikuwa ameshanyanyua simu kumpiga picha.

"Umekionja hiki?" Signora akamuuliza, mbele ya wote.

"Kimeonjwa, Signora."

"Na nani?"

Khatibu akageuka kunitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, alinitazama kama mtu anayeomba apewe kitambaa. Nami nilikuwa na kikapu changu cha mkate.

"Leo hajaniambia nionje," nikasema.

Sijui ni nini kilipita usoni mwake, kwa sababu niliangalia mkate.

"Miaka yote hii," Signora akasema, "nikidhani ni utani kwamba huonji. Nimpeleke mjini kwa mama yangu mpishi asiyeweza kutia mdomoni alichokipika? Watanicheka mpaka kaburini kwake." Akakizungushia uma kile chakula, pici mbili na kipande cha shavu kinachong'aa mafuta, akamnyooshea Khatibu. "Onja. Onja hapa, niwe na imani na wewe."

Angeweza kukataa. Ningekuwa mimi ndiye yeye, ningevua aproni nikaondoka. Lakini pasipoti ilikuwa jikoni kwenye mfuko wa nailoni, na ndege ilikuwa Alhamisi, na ngazi zilikuwa zinamsubiri. Akaupokea uma. Niliona midomo yake ikitikisika, anasema jambo na Mungu wake. Akatia mdomoni, akatafuna, akameza. Miaka hamsini na mitatu ya umri wake, na hiyo ndiyo mara ya kwanza. Yule bibi aliyetema akapiga makofi, "Bravo!" na wenzake wakamfuata.

"Chumvi imezidi," Khatibu akasema taratibu. "Unisamehe, Signora."

"Nimekusamehe," Signora akasema. "Lakini huendi."

Khatibu akarudi jikoni. Nilimsikia kwenye sinki, anasukutua, anasukutua, kisha anatapika, kisha anasukutua tena. Huku mezani wasafiri waliletewa saladi. Mimi niliipeleka.

Alipotoka alikuwa ameivua kanzu na ameikunja. Alichukua pasipoti yake na hotipoti, akapita karibu yangu. Nilingoja anitukane, hata anipige. Akafungua mlango, akaenda zake. Jumatatu hakuja, wala hakuja tena. Signora alinipa mimi jiko, kwa kuwa hapakuwa na mwingine anayejua mchuzi. Siku hizi watu wa Pretoria wananiita mezani, wananipigia makofi. Nilikuwa nimelitamani jambo hilo, na nilipolipata nikaona halina ladha yoyote, makofi ni makofi tu.

Mnauliza sasa yuko wapi. Si yupo hapo hapo Yeoville, sokoni, anauza urojo na bajia na kachori! Foleni yake inafika mpaka kwa wauza mitumba. Mimi nilikuwa nikipitia barabara ya pili miezi saba, kuzunguka tu ili asinione. Jumamosi iliyopita nikachoka na uoga wangu. Nikajipanga kwenye foleni pamoja na wengine, nikisema nikifika mbele nitamwambia nilichomfanyia, liwalo na liwe.

Nilipofika alinitambua mara moja. Amezeeka, ila mikono ni ile ile.

"Gustave," akasema, "hujambo?"

"Sijambo, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Akachota urojo kwenye kijiko, akaninyooshea juu ya sufuria. "Nipe ulimi."

Yesu wangu! Nikadhani hakujua kwamba ile chumvi niliizidisha makusudi, au alijua na amenisamehe yote, na kwa vyovyote machozi yalinijaa. Nikaonja. Ukwaju, pilipili, chumvi, kila kitu mahali pake, na niliapa moyoni kwamba safari hii nitasema kweli tupu.

"Imekolea, Mzee," nikamwambia, kama alivyonifundisha. "Haswa imekolea."

Khatibu akaitikia kwa kichwa. Akachukua kijiko kingine kisafi, akachota kwenye sufuria ile ile, na huku ananitazama machoni akaonja mwenyewe, polepole, mpaka akameza.

"Kweli," akasema. "Imekolea."

Halafu akaniomba nisogee pembeni, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na watu wanangoja.