Barabara Iliyoishia Uani kwa Mama

Nilikuwa natunza, kwenye kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, orodha ya barabara fupi za serikali mkoani kwetu, kwa kompyuta ya kukodi pale Sumbawanga. Ile inayoingia kijijini kwetu Mwimbi niliipima kwa baiskeli: nilifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu, nikahesabu mizunguko. Kwa njaa niliyokuwa nayo nikapitiliza mwisho wa barabara, nikahesabu hadi uani kwa mama.

Mhariri mmoja asiyeijua hata Rukwa akaifuta orodha yangu, eti mimi si chanzo cha kuaminika. Baadaye ofisi moja ikachapisha kijitabu cha barabara, naye akairudisha fasta, chanzo kijitabu. Nikakifungua kwa hasira. Kumbe walikuwa wamenakili vipimo vyangu kabla havijafutwa, pamoja na uchochoro wa kuingilia kwa mama.