Maganda ya Muhogo Mtoni

Kuna siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku niliyokaribia kuiangamiza kambi nzima.

Bendera ya uhuru ilikuwa imekwisha kupandishwa, lakini huku Fizi, mashariki ya Kongo, uhuru wenyewe hatukuuona. Wanaume wakapanda milimani na bunduki kupigana na serikali, nasi wanawake tukapanda nao. Nilikuwa msichana wa kuposwa. Kazi yetu ilikuwa kulisha watu: samaki wakavu kutoka Baraka, kule ziwani, na muhogo wa bukari, ugali wetu, tuliouloweka kijitoni. Maganda yake tuliyafukia. Hiyo ilikuwa amri, na hakuna aliyeibishia.

Siku hiyo kaka yangu aliletwa kambini akiwa na risasi mguuni. Nikatupa maganda majini, nikakimbia kumwona.

Mama Wabiwa, mkubwa wetu wa jikoni, akanifuata na ganda lililolowa mkononi.

"We Anjelani, hii iko ya nani?"

"Yangu, mama."

"Kule chini ku kivuko basoda banaoga. Bataona maganda, bataulizana nani anamenya muhogo huku juu. Halafu batapanda. Kaka yako atakimbia na mguu gani?"

Niliingia majini, nikashuka nikiokota ganda moja moja na kulitia kikapuni, hadi nikasikia vicheko vya hao basoda, askari wa serikali. Kikapu nikakificha nyuma ya jiwe. Ganda la mwisho lilinipita, nikalikanyaga, na hapo hapo askari mmoja akaniona.

"We dada, unatafuta nini?"

"Kaa wa kula, afande."

"Kaa! Huku ku milima? Enda ku ziwa, mujinga we!"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, unyayo umelibana ganda, mpaka walipovaa mashati yao wakaenda.

Niliporudi na kikapu, Mama Wabiwa hakunisifu. Alichimba shimo, tukayafukia maganda pamoja, kisha akasema, "Sasa enda umupe kaka yako bukari." Kambi ile haikugunduliwa kamwe.

Mwanangu, ukiwasikia vijana wa Baraka wakisimulia bunduki tu, waambie milima hii ilishikiliwa pia na mikono yenye harufu ya muhogo. Ilikuwa mikono ya bibi zako, jivunie. Na kazi yako, hata isipoonekana na mtu, imalize, maana yuko aliyelala na mguu mbovu anakutegemea. Ukikosea, shuka mwenyewe ukaokote.

Mungu akupe miguu imara, akulinde kila kivuko utakachopita, na akurudishe nyumbani chakula kikiwa bado cha moto.