Siti ya Baiskeli ya Mkunga

Juzi nilipita Ng'ambo, hapa Tabora mjini, nikamkuta fundi akimimina mafuta kwenye fremu ya baiskeli, pale chuma cha siti kilipoganda. Akamwambia mwenye baiskeli, "Iache inywe, uje kesho." Basi tu, aibu ikanishika, kana kwamba fundi yule ananijua.

Unajua, ndugu yangu, enzi zile za Ujamaa kijiji chetu nje ya Tabora kilikuwa na baiskeli moja ya zahanati. Aliipanda mkunga, Mzaramo mrefu aliyeletwa kutoka pwani. Mkunga wa kabla yake alikuwa mfupi, na siti ikashika kutu hukohuko chini. Mama wa watu akawa anaendesha magoti yakigonga usukani.

Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu misafara ya kwenda pwani, na mtani akikutania hununi. Alituletea baiskeli ili baba aipandishe siti, akatukuta tukipukuchua mahindi, ua mzima unanukia viazi vya kuchemsha. Mbele ya majirani akamwambia baba, "Nyie kazi yenu kubeba mizigo tu. Hiki chuma cha siti mtakiweza?"

Watu wakaangua kicheko. Mama, mjamzito wa kujikongoja, akasema kiwekwe mafuta ya taa kilale hadi kesho. Baba hakusikia la mtu. Alikibana chuma kwa spana kubwa, akachomeka bomba kwenye mpini, akaling'ang'ania kwa uzito wake wote. Fremu ikalia, ikapasuka. Chuma hakikutoka.

Mkunga alicheka hadi akakaa chini. "Haya mtani, sasa ibebe!" Nasi tukacheka, maana utani ndivyo unavyotaka, na hakuna aliyesema samahani. Fremu ilipelekwa mjini kuchomelewa, ikakawia huko.

Mama aliposhikwa na uchungu, mkunga alikuwa kijiji cha pili. Alikuja kwa miguu, vumbi hadi magotini, akamkuta bibi ameshampokea mtoto na mama anavuja damu. Akafanya kazi yake mpaka damu ikakata. Baba alisimama mlangoni akingoja kutaniwa. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Mtani, nitukane basi."

"Leo sina utani, baba. Nipe maji ninawe."

Zahanati ile imebaki msingi, na vijana wa leo hata hawajui watani wao ni nani. Mimi nayakumbuka yale maji. Baba alimmiminia ameinamisha kichwa, yakamwagika nje ya beseni, na hakuna aliyemcheka.