Gitaa la Opendi: lilie au linyamaze?

Saa tatu asubuhi, Busia upande wa Kenya, Vincent Opendi ameinama juu ya gitaa jekundu la umeme, analigonga tumbo kwa kidole kama mnunuzi wa fenesi asiyemwamini muuzaji. Anasikiliza. Anagonga la kahawia lililo kando. Anarudi kwa jekundu. Hii ni safari yake ya nne dukani humu wiki hii.

"Kaka, ungekuwa unachagua mke, saa hii ungekuwa na wajukuu," anamtania mwenye duka, Mama Kevina.

"Mke ukimuuliza anajibu," anasema Opendi. "Hii mbili zinaniangalia tu."

Opendi, 38, hushona maturubai ya malori Malaba, upande wa Uganda. Mwisho wa wiki hupiga gitaa katika bendi ya Damalie, inayoalikwa kwenye harusi na lumbe, yaani shughuli ya kumaliza matanga. Kila gitaa ni laki tisa za Uganda, akiba yake ya miezi kumi na moja. Akikosea, hana la pili. Na lumbe inayofuata ni keshokutwa, Jumamosi, kijijini Mulanda.

Balaa lilianza Aprili, kwenye lumbe ya mzee mmoja. Alikuwa na gitaa la kuazima, lenye tumbo tupu kabisa, akasimama mbele ya spika kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli. Mhubiri alipoanza maombi, sauti ya spika ikaingia tumboni mwa gitaa, ikatikisa nyuzi, ikarudi kwenye spika imenona. Gitaa likapiga yowe bila mkono wa mtu. Wajane wakaangua kilio, wakidhani ni marehemu. Jirani mmoja alitoka mbio akaacha viatu. Alivifuata siku ya tatu.

Damalie hakucheka. "Likilia tena kwenye maombi, nachukua mpiga kinanda," alimwambia. "Marehemu hasemi kwa spika ya kukodi."

Lakini watoto wa marehemu Awor, wenye lumbe ya Jumamosi, wameagiza kinyume.

"Wamenipigia simu," anasema Opendi. "Eti, 'Kuja na ile gitaa ililia mzee wa watu. Mama yetu pia imlilie.' Sasa mimi nasikiza nani? Ikilia, Damalie ananifukuza. Ikinyamaza, nimedharau mama yao. Kichwa yangu imekwama kama malori ya Malaba."

Mama Kevina anawasha tochi ya simu, anamulika ndani ya matundu ya magitaa yote mawili. Jekundu ni tupu. La kahawia lina gogo la mbao katikati kama uti wa mgongo, na uwazi pande mbili tu. "Hili ni nusu tupu," anasema. "Jaribu, usinimalizie asubuhi."

Opendi anachomeka jekundu, anasogelea spika. Yowe! Muuza nyanya wa nje anaruka.

Anachomeka la kahawia. Kimya. Badala ya kufurahi, Opendi ananuna. Anaongeza sauti, anapiga uzi mmoja, analisogeza tumbo la gitaa karibu kabisa na spika. Polepole sauti inavimba, inalia, nyembamba, haikatiki. Anarudi nyuma hatua mbili: inanyamaza. Anasogea: inalia.

"Kumbe hili linakutii!" anashangaa Mama Kevina.

"Ndio shida, mama. Ile ya Aprili ililia yenyewe, hakuna wa kulaumu. Hii ikilia, ni mimi."

Anakaa juu ya kasha, gitaa mapajani. Awor, anaeleza, aliwauzia uji washona maturubai kwa miaka sita. Siku za mvua, malori yasipofika, alimmiminia Opendi kikombe bila kuuliza pesa. Siku aliyozikwa, Opendi alikuwa juu ya lori la mahindi, sindano mkononi, dereva akimfokea awahi. Hakwenda.

Anasimama na kumkabidhi Mama Kevina pesa za gitaa la kahawia.

"Kesho naambia watoto wake ukweli: ile ya Aprili ilikuwa spika tu, si marehemu. Awor halii, amepumzika. Maombi yakiisha, Damalie akisema amina, ndio nasogea kwa spika. Nitamlilia mimi."