Mpiga Picha wa Wandegeya na Flashi Yake

Mpiga picha wetu wa mtaa wa Wandegeya alikuwa mtu wa sauti ya chini, na kabla ya kupiga picha alipangusa lenzi kwa ncha ya tai yake. Kamera yake ilikuwa ile ya kutoa picha papo hapo. Wenzake walitumia flashi za balbu, ambazo balbu ikiwaka mara moja imekwisha. Yake ilikuwa ya umeme, ikijaa upya kwa betri kwa mlio mwembamba kama wa mbu, naye akiijibu, "Haya, nimekusikia."

Siku moja Aloyo alimleta mumewe Ocira, askari aliyerudi kutoka vitani. Mama yake Ocira, kule Gulu, alikuwa ameambiwa kwamba mwanawe amekufa, na Aloyo alitaka kumpelekea picha. Flashi ilipowaka, Ocira alijitupa sakafuni, mikono kichwani. Wanafunzi waliokuwa wakingoja wakacheka. Mpiga picha aliichomoa flashi, akachuchumaa kando ya Ocira na kuiweka kiganjani mwake.

"Afande, finya kitufe hiki wewe mwenyewe. Ni mwanga tu."

Ocira akafinya, ikawaka, akashtuka. Wakangoja ijae. Akafinya tena na tena, mpaka mabega yake yakalegea. Ndipo mpiga picha akairudisha flashi juu ya kamera, akapiga tena.

Picha ilipotoka, aliifunika ndani ya koti lake hadi ikaiva na sura ikajitokeza, kisha akampa Aloyo. Pichani Ocira alikuwa anatazama mbele, macho wazi.

"Mama atamjua," Aloyo akasema, akaanza kulia.